Hatari ya Wastani

Siku ambayo Mtaalamu alisimama kutupa majibu ya kisima, nilikuwa na shuka la hospitali mezani na pasi mkononi, nikinyoosha kona ileile tena na tena mpaka Bi Povu akanigusa bega.

"Pasi Baridi," alininong'oneza, "kona hiyo imeshanyooka. Unataka kuitoboa?"

Hilo ndilo jina nililopewa na wenzangu. Wanasema hata ukinipakia mkaa wa moto sitoi moshi. Ni kweli sina maneno mengi. Mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito, na nikishafika nyumbani ndipo maneno yote yanakuja, wakati hayana tena wa kuyasikia.

Ushirika wetu ni wa wanawake na kazi yetu ni kufua. Tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba mbili za wageni. Banda ni la bati, masinki ya saruji yamepangwa ukutani, kamba za kuanikia ziko uani, na meza za pasi ziko karibu na mlango ili tupate hewa. Katikati ya ua kuna kisima chenye kifuniko cha chuma na pampu ndogo. Maji ya bomba mtaani kwetu yanakuja yakijisikia. Kisima ndicho kilichotuweka mjini.

Mwenyekiti ni shangazi yangu, dada yake baba. Yeye na wenzake ndio waliokichimba kabla mimi sijafika. Alinichukua baba alipougua na mimi nikaacha shule darasa la tano, akanifundisha kukunja, kisha wanga, kisha pasi. Kwenye ushirika mimi ndiye wa mwisho kuingia. Na kuna kanuni, Shangazi mwenyewe aliitunga: kazi ikipungua, aliyeingia mwisho anatangulia kutoka. Nimeshaona mtu akitoka kwa kanuni hiyo. Alikunja aproni yake vizuri sana, akaiweka juu ya meza, akaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo hoteli ilipokuja, nilikuwa wa kwanza kufurahi, ingawa sikusema. Ilikuwa hoteli mpya ya barabara kuu, na walitaka tuchukue mashuka yao yote, mataulo, vitambaa vya meza, kila kitu. Shangazi alisema ataongeza meza ya pasi na mimi nitakuwa mwanachama kamili. Tatizo lilikuwa maji. Pampu yetu ndogo isingeweza. Ilitakiwa pampu kubwa, ivute kutwa nzima.

"Tumsubiri kwanza Mtaalamu," Shangazi aliwaambia. "Yule kijana amekaa na kisima chetu kiangazi chote. Akisema ndiyo, tunafunga."

Mtaalamu alikuwa kijana wa chuo, mwembamba, mwenye miwani inayoteleza. Alitumwa kupima visima vya mtaa wetu na alipanga chumba cha nyuma kwa Shangazi. Kila asubuhi aliteremsha utepe kisimani, wenye kidude mwishoni kinacholia kikigusa maji. Halafu alichota kikombe, akatumbukiza kifaa cha kupimia chumvi, akakisuuza kwa maji safi ya dumu dogo alilolilinda kama dawa. Ole wako uyachote maji hayo kunawia mikono. Zaidi ya hapo hakuwa na neno na mtu. Nadhani ndiyo maana nilimpenda kidogo, kama unavyompenda mtu mwenye ugonjwa wako.

Sasa alikuwa amesimama katikati ya banda na karatasi mkononi. Alisema mambo ya matabaka, mwingilio, na mwenendo wa kina. Wanawake walimtazama kwa heshima, kama watu wanavyotazama mvua kupitia dirishani. Halafu akafika mwisho.

"Kwa vipimo vyote hivyo," alisema, "kisima chenu kipo kwenye kundi la hatari ya wastani."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kazi yangu ni kupima," aliongeza. "Kuamua ni kwenu wenyewe. Sipendi kuwaingilia."

"Wastani?" Bi Povu aliuliza.

"Wastani, mama," alijibu, kichwa kimeinama.

"Wastani, jamani!" Bi Povu akageuka kwa wenzake, akapiga makofi, na banda zima likalipuka. Mpaka mimi niliweka pasi chini nikapiga. Mtaalamu aliinua macho, akashangaa, halafu akatabasamu na kuweka mkono kifuani. Alikuwa na kisima kingine cha kupima kabla jua halijakaza, kwa hiyo akakusanya vitu vyake akatoka mbio, makofi yakimsindikiza mpaka getini.

Shangazi hakungoja makofi yaishe. "Mmesikia. Si kubwa. Ni ya wastani tu. Nani anapinga fundi aitwe?"

Hakuna aliyepinga.

Nilirudi kwenye shuka langu, lakini neno lile lilinifuata hadi mezani. Wastani mimi nalijua. Ripoti yangu ya mwisho ya shule, mwalimu aliandika kwamba maendeleo yangu ni ya wastani. Baba aliisoma kwa sauti, akacheka, akasema huyu amepita. Kwetu wastani ni neno la kupumua. Uji ukiwa wa wastani haukuunguzi. Mtu akiwa na hali ya wastani haombi kwa jirani. Basi hatari ya wastani nayo ingekuwa nini, kama si hatari iliyopita mtihani?

Ila nilikuwa nimeuona uso wake. Alisema neno lile kama daktari anayetoka chumbani na kufunga mlango taratibu.

Jioni niliwaandalia Shangazi na Mtaalamu chai sebuleni. Shangazi alikuwa na furaha ya kuonekana.

"Mama, leo mmenifurahisha," Mtaalamu alisema. "Kwenye visima vingine nikitoa majibu watu wananuna. Kuna mmoja alinifungulia mbwa. Nyinyi mmepiga makofi."

"Sisi tunathamini elimu, mwanangu."

"Na mmeshaamua?"

"Palepale. Ulipotoka tu. Kauli moja."

"Kauli moja!" Aliweka kikombe chini kwa mshangao. "Ninyi ni watu wa ajabu."

"Fundi anakuja keshokutwa."

"Mmefika mpaka kwa fundi? Haraka hivyo?"

"Sasa tungoje nini? Maji hayasubiri."

"Hayasubiri kweli, mama. Ndivyo ninavyowaambia watu kila siku!"

Wakacheka pamoja, kila mmoja na cheko lake. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai katikati yao, na nikahisi kama mtu anayeangalia watu wawili wanapeana mkono gizani, mmoja ameshika mkono, mwingine ameshika kitasa cha mlango. Nilitaka kusema kitu. Nikamimina chai mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

"Macho yako yako wapi?" Shangazi akaniuliza.

"Hapa, shangazi."

Hapo hayakuwepo. Kesho yake kutwa nzima yalikuwa yanazunguka tu. Nikipiga pasi ninatazama kisima. Nikianika ninatazama geti, kama pampu imefika. Nilijiambia kwamba mimi ndiye nisiyejua. Watu wote wale wamesikia neno moja na wamelielewa, wengine wamemaliza shule, Shangazi ana miwani ya kusomea, halafu mimi wa darasa la tano ndiye niwe na mashaka? Na mashaka yenyewe yana faida gani kwangu? Hoteli ikikosekana, aproni ya kukunjwa ni yangu.

Kwenye masinki Bi Povu alikuwa anagombana na sabuni, kama ilivyokuwa desturi yake tangu jua lilipoanza kuwa kali.

"Wenye viwanda hawa wana dhambi," alikuwa anasema. "Zamani kipande kama hiki kilinifunika mpaka viwiko. Ndiyo nikaitwa Bi Povu, sikujiita mwenyewe. Leo nasugua kama nasugua tofali."

"Labda mikono ndiyo imezeeka," akasema Mama Mikunjo, yule anayekunja mashuka na kuyafunga.

"Mikono yangu? Uliza mume wangu kama imezeeka!"

Wakaangua kicheko. Harufu ya kuungua ndiyo iliyowanyamazisha. Ilikuwa foronya yangu. Alama ya pasi ilikuwa imekaa katikati, ya kahawia, nzima, kama mtu ameipiga muhuri.

Shangazi alikuja akaishika kwa vidole viwili. "Una nini wewe?"

"Hakuna, shangazi."

"Na hiyo hakuna ndiyo inaunguza foronya za hospitali?"

"Pasi Baridi leo imepata moto," Bi Povu akasema. "Atakuwa amependa."

Nilienda kuficha uso wangu kwenye mashuka ya uani. Yalikuwa yamekauka, na nilipoyashika yalikuwa na ugumu fulani, kana kwamba wanga umezidi, wakati hayo bado hayajatiwa wanga. Niliyashika mara mbili. Halafu nikayaacha, kwa sababu hata hilo nilidhani ni mimi.

Asubuhi iliyofuata nilitoka nyumbani mapema. Nilimkuta Mtaalamu peke yake kisimani, amepiga magoti, utepe unateremka. Nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimelipanga swali njia nzima, nikalirudiarudia, na bado lilipotoka lilitoka kama kikohozi.

"Kaka, samahani. Wastani ni nini?"

Aligeuka. "Wastani? Ni rahisi tu. Unajumlisha namba zako zote, halafu unagawanya kwa..."

"Siyo huo. Ule wa juzi. Wa hatari."

"Aa." Akasukuma miwani juu. "Tuna makundi matatu. Hatari ndogo, endelea na shughuli zako. Hatari ya wastani, kisima kinaumwa. Chini ya maji yenu matamu kuna maji ya chumvi yamelala. Ukivuta sana yanapanda. Ukipunguza kuvuta, yanarudi chini, kisima kinapona."

"Na hatari kubwa?"

"Hiyo tunaandika tu kwenye taarifa. Chumvi imeshapanda, hakirudi. Labda wakati wa wajukuu."

"Kwa hiyo wastani ndiyo ya kuogopa."

"Ndiyo hasa. Kwenye kubwa hakuna cha kuogopa tena, kumeshaharibika."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Nilisema. Nilisema hatari."

"Sisi tulisikia wastani."

Kule chini kidude kiligusa maji kikaanza kulia. Hakukivuta.

"Fundi anakuja kufanya nini?" aliuliza polepole. "Si kufunga koki za kubana maji?"

"Kufunga pampu kubwa. Ya hoteli."

Alikaa kwenye ukingo wa kisima kama mtu aliyesukumwa. Kidude kiliendelea kulia huko shimoni, na mimi nikaona nikinyamaza sasa sitasema tena.

"Kaka, maji yakiwa na chumvi, sabuni inatoa povu?"

"Kwa shida. Kwa nini?"

"Bi Povu anaitukana sabuni kiangazi kizima. Na mashuka yanakauka magumu."

Alinitazama kwa mdomo wazi. "Nimekaa hapa muda wote huu. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Nani angejua unataka habari za sabuni? Ulikuja kupima maji."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitoa simu ampigie msimamizi wake, akairudisha mfukoni. "Tatizo ni kwamba haturuhusiwi kuwaamulia watu. Tukifika sehemu tunapima, tunaeleza, tunaondoka. Watu wenyewe ndio wanajua maisha yao."

"Lakini wameshaamua kwa neno lako."

"Kwa neno ambalo sikulisema!"

"Ndilo walilolisikia."

Akatembea mpaka kwenye kamba, akarudi. "Basi wewe mwambie mama. Wewe ni mtoto wake."

"Mimi? Mimi hata salamu naitoa kwa kuikopa. Wewe ndiye msomi."

"Mimi nikiongea watu wanapiga makofi kwa kitu kisichokuwepo. Mwambie wewe."

Tungeendelea hivyo mpaka jua kuzama, waoga wawili tunasukumiana mzigo, kama geti lisingegongwa. Ilikuwa ni mkokoteni, na juu ya mkokoteni pampu kubwa ya buluu, na nyuma yake fundi anafuta jasho. Fundi gani duniani anafika kabla ya saa aliyoahidi? Wa kwetu alifika.

Kufikia hapo wenzetu walikuwa wameanza kuingia, na Shangazi alikuwa stoo anahesabu magunia ya sabuni. Niliingia nikafunga mlango.

"Shangazi, wastani siyo wastani."

"Umeamka vibaya?"

"Ule wa kisima. Nimemuuliza mwenyewe. Maana yake kinaumwa. Tukivuta sana kinageuka chumvi, na hakirudi."

Alinigeukia na kipande cha sabuni mkononi. "Yule kijana amesema mbele ya watu. Nimemsikia kwa masikio yangu. Wewe umesoma wapi hata uje unifundishe maneno?"

Liliniingia. Na yeye aliona limeniingia, kwa sababu aliweka sabuni chini.

"Hoteli nimeshawapa ahadi," alisema kwa sauti ya chini. "Wanawake wale wameshaipangia bajeti vichwani mwao. Nitoke nje niwaambie nini? Kwamba mwenyekiti wao hakujua Kiswahili?"

Niliirudisha sabuni ile guniani.

"Na tukikataa hoteli, na kuvuta maji tupunguze, unajua nani anatoka?"

"Najua."

"Nani?"

"Mimi, shangazi."

Nje tulisikia chuma kinagongwa. Fundi alikuwa ameanza.

"Unajua na bado unasema."

"Sisemi. Nimeuliza tu, na nilichojibiwa sikuweza kukaa nacho peke yangu."

Shangazi alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, kwa nguvu, kama anavyofanya akienda msibani au benki. Akatoka.

"Fundi, acha hapo hapo."

"Mama, nati nimeshazilegeza."

"Zitakusubiri. Mtaalamu! Sogea. Eleza tena ile hatari yako, na safari hii nisisikie neno la chuoni."

Wanawake walikusanyika, mikono imelowa. Mtaalamu alianza, na woga ukamrudisha kulekule, nikasikia tabaka, nikasikia mwingilio, nikaona Mama Mikunjo anapiga miayo. Alikuwa anazama mbele ya macho yetu. Nikaliona dumu lake dogo pale miguuni.

Sijui kama ningefanya vile kama ningepata nafasi ya kufikiri. Nilichukua beseni, nikamimina maji ya dumu lote. Mtaalamu alishtuka, mkono wake ukatoka kunizuia, kisha akauteremsha. Nikaliweka beseni mbele ya Bi Povu, na kipande cha sabuni kutoka sinki lake.

"Sugua hapa, Bi Povu."

"Nini hii?"

"Sabuni yako ya uongo."

Alicheka, akasugua. Povu likapanda. Likapanda tena, likafunika viganja, likapita vifundo vya mikono, jeupe, zito, likaanza kumdondokea miguuni. Watu wakasema hee. Nikamletea beseni la pili, la maji ya kisima. Alisugua kipande kilekile. Yalitoka mapovu machache ya kijivu, yakakaa kidogo, yakapasuka.

Bi Povu aliangalia sabuni kwa uso wa mtu aliyemkosea mwenzake. "Maskini," alisema. "Nimeitukana bure."

"Hiyo ndiyo chumvi," Mtaalamu akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeongea na watu. "Imeanza kupanda. Hiyo ndiyo wastani niliyoisema."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha Mama Mikunjo akakunja mikono kifuani.

"Sawa, povu tumeliona. Na hoteli je? Hoteli haitusubiri tupone. Watachukua wengine. Mimi nina watoto wanne, niwapikie povu? Kama kisima kinakufa polepole, si tukitumie kikiwa hai? Tupate hoteli kwanza, chumvi tutaijua mbele ya safari."

Wengine waliitikia. Halikuwa neno la kipumbavu. Hata mimi moyoni nilijikuta nampa haki, maana shida yangu na yake ilikuwa ileile.

Shangazi alimgeukia Mtaalamu. "Umemsikia. Sasa nijibu mimi. Tufunge au tusifunge?"

"Mama, kazi yangu ni kupima..."

"Hiyo nimeisikia. Umelala kwangu, umekunywa chai yangu, umenisimulia mpaka habari za mbwa. Sikuulizi kama chuo. Kisima hiki kingekuwa cha mama yako, na pampu hii ipo mlangoni, ungefunga?"

Alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo kuliko mimi. Alitazama kisima, akatazama pampu ya buluu, akamtazama Mama Mikunjo, si Shangazi.

"Nisingefunga," alisema.

"Una uhakika?" Mama Mikunjo akamuuliza.

"Wote sina, mama. Ninao wa kutosha kuninyima usingizi."

Waligombana mpaka nguo za asubuhi zikachachia kwenye masinki. Nilidhani wakishaujua ukweli wataamua tu, kumbe ukweli ndio unawasha ugomvi wenyewe. Nani atapunguza nini? Pampu ipumzike saa ngapi? Mtaalamu aliulizwa kuhusu mchana, akasema ikivuta asubuhi tu na kupumzika hadi kesho yake, maji matamu yanapata muda wa kujirudisha. Bi Povu akasema maji ya kusuuzia ya mwisho ni masafi, kwa nini tunayamwaga, yaloweke nguo za zamu inayofuata. Mtu akasema yatakuwa na buluu, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Bi Povu akasema buluu haijaua mtu. Mama Mikunjo alisema ataenda yeye mwenyewe hotelini kuuliza kama watakubali kutupa foronya peke yake. Mimi nilikuwa nimerudi ukutani, nguo zangu zimelowa.

Mwishoni Shangazi alisema, "Pampu kubwa inarudi, na ndogo itavuta asubuhi tu. Kazi imepungua. Kanuni mnaijua, niliitunga mwenyewe. Wa mwisho kuingia ni mtoto wa kaka yangu. Anapumzika mpaka mvua inyeshe, ndipo tupime tena. Asije mtu akasema nimebeba ndugu."

Alisema hivyo akiangalia kifuniko cha kisima.

"Na mimi je?" fundi akauliza.

"Wewe kaza nati zako."

Nilivua aproni. Nilikuwa naikunja nilipoona Bi Povu amesimama mbele yangu, ameishika ncha ya pili. Tukaikunja wawili, kama shuka. Akaichukua, hakuiweka mezani. Aliitundika kwenye msumari wake, pale anapotundika ya kwake.

Hoteli walikataa foronya peke yake. Mashuka yao yanaenda kwa wafuaji wa upande wa bondeni, na gari lao linapita mbele ya geti letu likiwa limejaa vifurushi vyeupe. Kila likipita Mama Mikunjo anaacha kukunja, anatazama, anaendelea. Hajawahi kunilaumu. Ningependelea anilaumu, nijue pa kuangalia. Kuna siku najiuliza itakuwaje kama Mtaalamu alikosea, kama kisima kingeweza kabisa, na mimi nimewakosesha wanawake wale hoteli kwa swali la neno moja.

Nyumbani sina raha. Nimepiga pasi mapazia, nimepiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo, mpaka Shangazi amenifichia pasi. Kila asubuhi miguu inanipeleka uani kwa ushirika, ingawa hakuna anayenihitaji. Namkuta Mtaalamu na utepe wake. Siku hizi ana tabia mpya. Anasimama mbele yangu na karatasi, ananisomea sentensi anayotaka kwenda kuwaambia watu wa kisima kingine, halafu anauliza, "Dada, hapo umesikia nini?" Namwambia nilichosikia. Anakuna kichwa, anakata, anaandika upya. Mara nyingine tunarudia sentensi moja mpaka jua linatuchoma.

Halafu naenda kwenye masinki. Mawingu yapo, ila bado yanapita tu. Leo nimemkuta Bi Povu ameinama, anasugua, amekaza midomo. Wenzake wote walikuwa wamegeuza macho kwake bila kuacha kazi, kama wanavyofanya sasa kila asubuhi.

"Vipi?" nikamuuliza.

Aliinua mkono juu tuuone. Povu lilikuwepo, limefika kwenye vifundo vya vidole, linatetemeka, hatukujua linapanda au linashuka.

"Wastani," alisema.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikwenda kuzima pampu kabla ya saa yake.